Kifungo cha Odrun

Jumamosi ya mwisho ya Februari mto umeganda,
watoto wa Tartu wanaukata kwa miguu,
nasi tumejifungia nyuma ya duka la nyuzi la Hilja,
watu kumi, juzuu tisa, birika moja la chai,
kuamua tena, kama kila mwaka,
tumpende nani zaidi kati ya watu wasiokuwepo.

Nyuma ya pazia kuna mitungi ya jemu,
kila mmoja na jina, kwa mwandiko wa Leelo:
Sirune, malkia asiyelala.
Orveth wa upanga wa kushoto.
Gurmaad, joka mwenye kigugumizi.
Na pembeni, ukingoni kabisa mwa meza,
Odrun, aliyefungua lango la Merek.

Kura ni kifungo kutoka kopo la Hilja.
Lakini kabla ya kura, maneno.
Lo, maneno!
Taavet, daktari wa meno, mpole hata huiomba radhi sindano,
hapa anaipiga meza kofi:
"Sirune alikesha miaka saba ili mji ulale!"
"Na mdogo wake aliyemsahau kisimani?" anauliza Endel.
"Juzuu ya nne. Soma."
"Nimesoma."
"Soma tena, na miwani."
Leelo ana miaka kumi na saba na hasikilizi;
yeye hulia tu pale joka linapojaribu
kulitamka jina la mama yake, likaishia silabi ya kwanza.

Zamani, akitajwa Odrun, chumba kilikuwa cha Urmas.
Urmas fundi kufuli, grisi kuchani hata Krismasi.
"Kufuli ni ahadi!" alinguruma.
"Umepewa ufunguo wa mji mzima, adui yuko nje,
nawe unafungua? Msinieleze habari za bintiye.
Wangapi walikuwa na mabinti ndani?"
"Lakini alimsikia akibisha, Urmas," Hilja alisema, polepole,
kama mtu anayefumua mshono.
"Na abishe!"
Kisha alikaa kimya, chai yake ikapoa.

Miaka kumi na miwili nimehesabu mimi.
Miaka kumi na miwili mtungi wa Odrun
ulikuwa na kifungo kimoja.
Tulicheka, tukachunguzana machoni.
Tulimshuku Hilja kwa huruma zake,
Endel kwa ubishi wake.
"Kikulacho ki nguoni mwenu," alisema Urmas
akikitikisa kifungo kile kiganjani,
naye ndiye aliyecheka kuliko sote.

Oktoba tulimzika.
Alikuja mwanamke kutoka Göteborg, pua ile ile, kidevu kile kile.
Hatukujua kama Urmas ana mtoto.
Alisimama nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango,
na koti hakulivua.

Leo nimeingia nyuma ya pazia, wa mwisho, kama kawaida.
Nimempa Orveth changu, kama kawaida.
Nimehesabu.
Gurmaad vinne. Sirune vitatu. Orveth vitatu.
Mtungi wa Odrun hauna kitu,
ila harufu ya jemu ya kiangazi kilichopita.

Nimesimama.
"Vipi huko, umesahau hesabu?" Endel anaita.
Nasikia vijiko, nasikia Leelo akicheka,
nje mtu anakung'uta theluji kwenye buti,
na kwa muda nadhani atabisha.

Kifungo cha pili cha koti langu kilikuwa kimelegea tangu Novemba.
Sikutumia nguvu.

Nikatoka na mitungi kwenye sinia, nikasoma.
Leelo akaruka na kumbusu Taavet aliyeshindwa.
Nikafika ukingoni: "Odrun, kimoja."
Endel akaanza kucheka, akaacha katikati.
"Kumi na moja," Taavet akasema taratibu. "Tupo kumi."
Hakuna aliyetaka kuhesabu upya.

Hilja akalitazama koti langu,
akautazama uzi mweusi unaoning'inia kifuani.
Ana duka zima la sindano.
Hakuinuka.